Sare Mlangoni: Namna ya Kumvusha Kijana Mwenye Ulemavu Kutoka Shule Hadi Utu Uzima

Jumatatu ya kwanza baada ya kumaliza shule, mdogo wangu aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akavaa sare, akakaa mlangoni kungoja gari. Wiki nzima tulikuwa tumemwambia shule imekwisha, na alitusikia vizuri. Ila hakuna aliyemwambia asubuhi hiyo ni ya kufanya nini, kwa sababu hakuna aliyejua. Jumanne akavaa tena. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi mama akazificha sare. Akalia yeye, akalia na mama.

Alikuwa na miaka 19. Ana mtindio wa ubongo: anatembea kwa kuyumba, mikono inamtetemeka, na maneno yanamtoka taratibu mno hata mgeni hukata tamaa kabla sentensi haijafika nusu. Kusoma anasoma kwa shida, lakini namba anazishika kunishinda mimi dada yake. Mwaka uliofuata aliumaliza karibu wote kitandani akitazama dari. Mwaka huo ndio ulionifanya niache kazi niliyokuwa nayo, nikajifunza kuwasindikiza vijana wanaotoka shuleni. Kwa hiyo haya nimeyajaribu pande mbili: kwa mdogo wangu, ambako nilivuruga mengi, na kwa watoto wa watu, ambako nimevuruga machache.

Kwanza, orodha ya kazi za kimya kimya

Wazazi wakinijia, swali lao la kwanza ni "atafanya kazi gani?" Ni swali la maana, ila nawaomba waliweke kando kwa siku moja. Chukua daftari uandike kila kitu ambacho shule inamfanyia mwanao, ukiacha masomo. Orodha yetu, tulipoiandika kwa kuchelewa, ilifika vitu 14. Shule ilimpa sababu ya kuamka na kuoga. Ilimtoa nyumbani na kumrudisha. Palikuwa na mtu wa kumsaidia chooni ambaye hakuwa mama yake. Palikuwa na mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki, ndani ya ratiba, bila sisi kukumbushana. Palikuwa na mwalimu aliyejua kwamba akianza kulamba midomo na macho kukaza upande mmoja, kifafa kiko njiani. Palikuwa na rafiki wa kugombana naye. Na mama alikuwa na saa saba kila siku za kuwa mtu mwingine, asiye muuguzi wa mtu.

Vyote vilikatika siku moja, mchana, baada ya picha ya pamoja.

Mbele ya kila kitu andika majina mawili: nani atakibeba baada ya shule, na nani atashika nafasi ya huyo akiugua. Kisha weka tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo iwe kabla ya shule kwisha, ili wa zamani na wa mpya wakutane na kuelekezana. Yule mwalimu aliyejua dalili za kifafa alihamishwa muhula mmoja tu baada yetu kuondoka. Tungemwomba nusu saa tukaandika anayoyajua, tungeokoa miezi. Hatukumwomba.

Kuhusu umri, huko England mazungumzo haya hutakiwa kuanza mtoto akiwa na miaka 13 au 14, na sheria ya elimu maalumu ya Marekani inadai mpango wa maandishi mwanafunzi anapofikia miaka 16. Mimi naona 14 ndiyo inayofaa, maana kuna kijana atakayehitaji mwaka mzima kuzoea njia moja tu ya kwenda na kurudi. Kama umechelewa kama sisi, usijitwishe orodha yote. Chagua vitatu: sababu ya kuamka, mtu mmoja wa nje ya familia, na mazoezi ya mwili. Mwili unaokaa mwaka mzima bila kunyooshwa hukaza, na kuurudisha ni kazi kuliko kuutunza.

Uliza, halafu nyamaza

Kikao cha kwanza cha kupanga maisha ya mdogo wangu kilikuwa na watu wazima saba. Yeye alikuwa wa nane, kwenye kona. Kilichukua zaidi ya saa moja. Aliulizwa swali moja, "Unapenda kufanya nini?", na mama akalijibu. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Baadaye nilipima kwa saa ya mkononi. Tangu swali liishe hadi neno lake la kwanza, mdogo wangu anahitaji sekunde 8 hadi 12. Sisi tulikuwa tunampa mbili, tena kwa miaka yote ile, tukisema hana la kusema! Tangu siku hiyo nimeweka kanuni kwa kila anayekaa na kijana kwenye kikao: ukishauliza, hesabu moyoni hadi 15. Ni shida. Watu hukohoa, hupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Wewe hesabu tu.

Swali lenyewe nalo lina ufundi wake. "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" ni gumu kwa mtu aliyeona nyumbani, darasani na hospitalini basi. Mpeleke aone kwanza: karakana, ofisi, bustani, ghala, mahali pa kufulia nguo, popote watu wanapofanya kazi. Kisha mpe simu apige picha za aina tatu: anavyovipenda, anavyovichukia, na watu anaotaka wabaki maishani mwake. Mdogo wangu alirudi na picha 23. Kumi na moja kati yake zilikuwa za rafu, masanduku na milango yenye namba. Tulicheka. Zikumbuke picha hizo, nitazirudia.

Kwa kijana asiyesema kabisa, tafuteni ishara moja ya ndiyo na moja ya hapana anazozimudu, hata kama ni kutazama juu na kutazama chini, mziandike ukutani ili kila anayeingia azijue. Kwa kiziwi, leteni mkalimani wa lugha ya alama kwenye vikao vya maana, msimtumie ndugu. Nasema hivi nikiwa ndugu: mara kadhaa nimemsemea mdogo wangu kile nilichotamani angesema.

Mikono mfukoni

Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Marc Gold, aliwachukua watu wenye ulemavu wa akili ambao wengi waliamini hawafundishiki, akawafundisha kuunga breki ya baiskeli yenye vipande 15. Waliweza. Alichofanya ni kuikata kazi vipande vidogo vidogo, na mwanafunzi aliposhindwa kipande, mwalimu ndiye aliyetakiwa kutafuta njia nyingine ya kufundisha.

Nyumbani fanya hivyo hivyo. Chukua shati la vifungo. Vaa wewe mwenyewe polepole ukiandika kila hatua. Sisi tulipata tisa. Sasa anza kufundisha kutoka mwisho. Wewe fanya nane za mwanzo, yeye afanye ile ya tisa peke yake. Akiizoea, wewe fanya saba, yeye mbili. Wazazi hushangaa, wanaona ni kinyumenyume, lakini kuna sababu: tangu siku ya kwanza kijana ndiye anayemaliza kazi, na anayemaliza ndiye anayesifiwa. Ukianzia mwanzo, kila siku atahangaika na hatua mbili za kwanza, halafu wewe umalizie kwa haraka kwa sababu mmechelewa.

Shati lilituchukua wiki kumi. Vifungo vitatu vilitushinda kabisa, tukavitoa tukashonea utepe wa kunata kwa ndani. Wapo walioona ni kudanganya. Shati liko mwilini na aliyelivaa ni yeye.

Na mikono yako itie mfukoni. Sisemi kwa mafumbo. Mimi huitia kweli, kwa sababu ikibaki nje inakimbilia kusaidia kabla sijajijua.

Kwenye usafiri gawanya hivi. Mwanzo mnakwenda bega kwa bega. Kisha unamfuata hatua kumi nyuma. Kisha gari moja, viti mbalimbali. Kisha yeye peke yake, wewe unamngoja upande wa pili. Mwisho simu tu. Usivuke ngazi hadi ile ya kabla aifanye sawasawa mara tano mfululizo. Mfundishe pia mambo kuharibika: gari limepita kituo, simu imezima, mvua. Mfukoni awe na kadi yenye sentensi mbili za kumwonesha dereva au mpita njia, na namba ya kupiga.

Ngazi ya tatu nilijifunga mtandio nikakaa nyuma ya basi nikidhani sijulikani. Mdogo wangu akageuka, akanitazama kwa utulivu, akanionesha kwa mkono: shuka. Nikashuka. Mama hakunisemesha hadi jioni. Kituo chake alikipita kweli, akashuka kinachofuata, akatoa kadi, akaelekezwa, akafika akiwa amechelewa dakika 40 na amejaa majivuno. Mwaka 1972 Robert Perske, aliyewatetea watu wenye ulemavu wa akili, aliandika kwamba kumkinga mtu na kila hatari kunamvunjia utu wake. Niliisoma hoja hiyo miaka mingi baada ya siku ile ya basi, nikajiona pale kituoni na mtandio wangu. Hata hivyo hatari hupimwa. Mwenye kifafa asiogelee bila mtu wa karibu, kwa hilo siyumbi.

Kazi: uliza ni ipi inayolala

Alipokuwa bado shuleni, mdogo wangu aliandikishwa kozi ya ushonaji. Karibu kila kijana mwenye ulemavu niliyemfahamu wakati ule alipelekwa kushona au kusuka vikapu, na hakuna aliyeona ajabu kumpa sindano mtu ambaye mikono inamtetemeka. Miezi mitano akarudi na vidole vyenye matundu. Mwalimu wa ushonaji alikuwa mwema sana. Waliochagua kozi waliangalia neno "ulemavu" kwenye fomu, hawakumwangalia mtu.

Tulipoanza upya nilizitoa zile picha 23. Nikamfuata kwa wiki mbili na daftari, nikiandika mambo machache tu: anafanya nini bila kuambiwa, anakaa wapi muda mrefu bila kuchoka, nini kinamkera, mwili wake una nguvu saa ngapi. Nikagundua hawezi kuona kitu kimekaa nje ya mpangilio wa namba akakiacha. Nguvu zake ni za asubuhi. Kelele za ghafla zinamshtua hata anaanguka. Kusimama zaidi ya saa moja kunamuumiza nyonga. Basi tulichotafuta hakikuwa na jina la kazi: ni mahali pa namba, pa kimya, pa asubuhi, penye kiti.

Nikaenda kwenye ghala la vitabu. Awali kote nilikopita nilikuwa nauliza kama wana nafasi, na jibu la swali hilo siku zote ni hapana. Safari hii nilimuuliza mkuu wa ghala: "Hapa kwenu ni kazi gani huwa inalala?" Hakufikiri hata kidogo, akanionesha kwa kidole lundo la vitabu vilivyorudishwa, ambavyo kila mtu alikuwa anasema atavipanga kesho. Ndiyo ikawa kazi ya mdogo wangu: kupanga vitabu vinavyorudi kwa namba zake, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, kwenye kiti. Imekatwa kwa kipimo chake, kama nguo kwa fundi.

Kufundisha nako kufanyike pale pale kazini. Njia ya zamani ilikuwa kumwandaa kijana kwenye kituo hadi "awe tayari", na wapo waliozeekea kwenye maandalizi. Tangu miaka ya 1980 imeenea njia ya kumweka mtu kazini kwanza, kisha mkufunzi akamfundisha hapo na kujiondoa kidogo kidogo. Mwaka 1996 hospitali ya watoto ya Cincinnati huko Marekani ilianzisha mpango uitwao Project SEARCH, ambapo vijana wenye ulemavu humaliza mwaka wao wa mwisho wa masomo ndani ya mahali pa kazi, wakizunguka idara mbalimbali. Umeigwa katika nchi nyingi. Shule yenu ikiwa haina kitu kama hicho, omba tu siku mbili kwa wiki za mwaka wa mwisho mahali pa kazi pa kweli. Wakuu wa shule wengi hawajawahi kuombwa.

Mkufunzi naye awekewe tarehe ya kuondoka, au atageuka kuwa ukuta kati ya kijana na wenzake. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa mkufunzi wa mdogo wangu kule ghalani, na kwa miezi miwili wafanyakazi walizungumza naye kupitia kwangu. Nilipoacha kwenda, ndani ya siku nne walikuwa wameshampa jina la utani.

Kuwa macho na neno "kujitolea". Kujaribiwa wiki sita kwa maandishi, sawa. Lakini nimekutana na kijana aliyekuwa "anajaribiwa" mwaka wa tatu, akifanya kazi ile ile na mwenzake anayelipwa. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, inazungumzia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwajiri muungwana hukubali ukimwonesha kwa adabu. Na kijana akiichoka kazi ya kwanza, aiache kama watu wote wanavyoacha kazi ya kwanza. Asiambiwe ashukuru.

Kuna siku mtakutana na mtu mwenye mhuri atakayesema mwanenu haajiriki. Msimulieni habari za Ed Roberts. Polio ilimwacha bila nguvu shingoni kushuka chini, akilala ndani ya mashine ya kupumulia. Idara ya jimbo la California inayowasaidia watu wenye ulemavu kusoma na kupata kazi ilipoombwa imsaidie masomo, ilimwona ana ulemavu mno hata kuweza kuajiriwa. Alisoma hata hivyo, mwaka 1972 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha maisha ya kujitegemea huko Berkeley, na mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo.

Anayeendelea na chuo ana jambo moja la kulishika zaidi. Shuleni walimu walimtafuta yeye. Chuoni yeye ndiye atakayewatafuta. Kabla hajaondoka aweze kusema mwenyewe, au kuonesha kwa maandishi, kwa sentensi tatu: nina ulemavu huu, unanizuia hiki, nikipewa hiki naweza. Afanye mazoezi kwa watu asiowazoea.

Hela, sahihi na miaka 18

Hela ifundishwe kwa hela ya kweli. Zile za karatasi za mchezo hazimfundishi mtu kitu, kwa sababu hazimuumi zikipotea.

Mdogo wangu alimtajia muuzaji namba yake ya siri ya simu kwa sababu muuzaji alimuuliza kwa upole. Mshahara wake wa mwezi wa pili ukaenda. Baba akataka simu ichukuliwe. Tulichofanya ni kugawa: laini moja yenye hela kidogo ya wiki, ambayo akiipoteza imepotea na atalia yeye, na akaunti nyingine ya akiba inayohitaji watu wawili ili kutoa. Kisha tukafanya mazoezi ya kukataa. Mimi najifanya muuzaji, mjomba anajifanya afisa wa benki, tunamwomba namba kwa kila hila tunayoijua, naye anatukatalia. Siku hizi hata mama akimuuliza hatoi.

Vitambulisho shughulikieni mapema, mwaka mzima kabla ya miaka 18. Mikono inayotetemeka inasumbua kwenye mashine za alama za vidole, na picha ya mtu asiyetulia shingo haipatikani mara moja. Sahihi chagueni alama moja rahisi, aiandike vile vile kila mara.

Halafu hili ambalo nalipa uzito kuliko yote. Baba alishauriwa na watu wema aende mahakamani awe msimamizi wa mdogo wangu kwa kila jambo. Fikirini sana kabla. Usimamizi wa namna hiyo mara nyingi ni rahisi kuupata na mgumu kuuondoa, na unaweza kumwondolea mtu hata haki ya kuamua atakaa wapi na atatibiwaje. Ibara ya 12 ya ule Mkataba inasema mwenye ulemavu ana hadhi ya kisheria sawa na wengine, na akihitaji msaada ili kuitumia apewe. Peru mwaka 2018 na Colombia mwaka 2019 zilibadili sheria zao zikaelekea huko, watu wazima wenye ulemavu wakapewa wasaidizi wa kuamua badala ya wasimamizi wa kuwaamulia.

Nyumbani tuliandika karatasi moja. Mdogo wangu alichagua watu watatu wa kumsaidia: mimi kwa mambo ya afya, mjomba kwa hela, na wa tatu, ambaye hakuna aliyemtarajia, dereva wa lile gari la shule. Alipoulizwa kwa nini, zilipita sekunde 11, akasema: "Ananingojaga." Kazi yao ni kumweleza jambo kwa njia anayoielewa, kumwonesha matokeo ya kila upande, kisha kuheshimu anachoamua. Karatasi hiyo mpelekeeni mwanasheria, kwa kuwa kila nchi ina taratibu zake, lakini iandikeni kwanza.

Mwili wake

Mama alipigwa na butwaa mdogo wangu alipouliza habari za kuoa. Miaka 20, ndevu zimejaa, na bado tulikuwa tunamwita "mtoto" mbele za watu.

Wafundishwe majina ya viungo vya mwili bila mafumbo, faragha, mimba, magonjwa, na kuridhiana kwa pande zote mbili, maana naye anaweza kumkera mwingine asijue. Zaidi sana wafundishwe kukataa. Kijana aliyeogeshwa na kuvishwa na watu tofauti maisha yake yote amejifunza, bila mtu kukusudia, kwamba yeyote anaweza kumshika, na wenye nia mbaya wanalijua hilo, hasa kwa mabinti. Kumfundisha hapana kunaanzia kwenye mambo madogo. Akikataa shati la bluu, liache. "Hapana" yake isiyosikilizwa kwenye shati haitatoka siku ya mkono wa mtu mbaya. Anayemsaidia kuoga amweleze kabla ya kugusa, amngoje aitikie.

Hospitali na marafiki

Kliniki ya watoto humwachia mtu anapokua, na ya watu wazima haimjui. Usiiage ya kwanza kabla hajaonwa mara moja na ya pili, na omba barua inayomtaja daktari mpya kwa jina. Beba ukurasa mmoja, usizidi: dawa na vipimo vyake, kifafa chake kinaanzaje na kifanyiwe nini, anawasilianaje, nini kinamtisha. Dawa za kifafa zisikatike hata siku moja wakati wa kuhama. Kuanzia miaka 15 au 16 aingie kwa daktari peke yake dakika tano za kwanza, hata kama atasema maneno mawili.

Marafiki hupotea kwa sababu ndogo mno: hakuna aliyeandika namba za simu. Ziandikwe kabla ya siku ya mwisho, mchague wawili, na muweke siku maalumu ya kukutana iliyo kwenye kalenda. "Tutaonana" haijawahi kumkutanisha mtu na mwenzake. Yule rafiki wa kugombana naye tulimpata baada ya miaka miwili, kwa kuzunguka na kuuliza. Waligombana siku hiyo hiyo.

Kulala kwake

Sasa ana miaka 27 na anataka chumba chake. Mama anasema hayo yangoje akifa. Mimi nasema kinyume, tena mbele yake: ahame mama akiwa hai, ili siku za kwanza akikwama awe na wa kumpigia. Anayehamishwa na msiba hupoteza mama na kitanda wiki moja. Nimeshawashuhudia wawili.

Sweden ina sheria tangu mwaka 1994 inayompa mwenye ulemavu mkubwa msaidizi anayelipwa na kufuata maelekezo yake yeye mwenye ulemavu. Pasipo na sheria ya namna hiyo, familia huunganisha vipande: jirani wa asubuhi, ndugu wa jioni, simu ya usiku. Anzeni na usiku mmoja kwa wiki nje ya nyumbani, kisha mbili. Fanyeni mazoezi ya umeme kukatika, ya moto, ya mtu kugonga usiku. Tulifanya zoezi la moto saa nane za usiku na aliyekwama alikuwa mjomba.

Chumba tumekipata, mlango una kufuli. Kufungua kufuli kuna hatua saba, na kwa kuanzia mwisho ameshazishika tano. Ya pili, kuingiza ufunguo, ilitusumbua kwa ajili ya mkono, hadi wiki iliyopita tulipoufunga ufunguo kwenye kipande kipana cha mbao anachoweza kukikamata, ukaingia. Imebaki ya kwanza, kuuchagua ufunguo wenyewe kwenye fungu. Nilimshauri tuupake rangi nyekundu. Yeye anataka tuuandike namba.